Mizani ya Nyama

Hapa Kochkor, nyuma ya zizi la farasi,
nimetundika mizani ya marehemu mume wangu,
ile aliyopimia mapaja ya kondoo siku za gulio.
Kila mgeni anayetaka kupanda hadi ziwani
huliangika begi lake kwenye ndoana.
Kilo kumi na mbili. Likizidi hapo,
Kashka hulaza masikio,
nami humsikiliza farasi kabla ya mteja.

Nimeona mambo.
Mwalimu kutoka Uholanzi alikuja na pasi.
Pasi! Nikamuuliza,
unakwenda kuzinyoosha nyasi?
Kijana wa Brno, vitabu saba,
hakuna hata kimoja kilichovunjika mgongo.
Bi harusi mmoja, viatu vya visigino:
"Huenda kukawa na sherehe."
Sikumwambia kwamba kule juu
sherehe ni jua kutoka baada ya mvua ya mawe,
na huchezwa kwa buti.

Natoa. Ndiyo kazi yangu.
Jinzi ya pili natoa: ikilowa ni mwanakondoo mzima,
na kukauka, tuonane Septemba.
Taulo nene natoa.
Kikausha nywele natoa; kule tundu ni moja tu,
la paa la hema,
nalo hutoa moshi, halitoi umeme.
Manukato natoa upesi:
farasi hawayapendi, nzi wanayapenda mno.
Na ule mfuko wa labda,
labda harara, labda baridi, labda nitatamani,
huo ndio mzito kupita yote
na hauna hata mpini wa kuushikia.

Wananuna. Wengine machozi huwalenga.
Siku ya nne wanashuka wamebabuka pua,
wananuka moshi na maziwa ya farasi,
wala hawaulizi walichoacha.
Ile pasi mpaka leo naizuilia mlango.

Basi ikaja Oktoba, mifugo imeshuka,
na mwanangu Eldiyar akapata kazi ghalani, Moscow.
Ndege inaruhusu kilo ishirini.
Nilimpakilia usiku, peke yangu, mlango nimeukomea:
vidonge vya jibini kavu, chumvi tupu, vya kumtosha mwaka;
soksi sita za sufu; jamu ya matunda ya mwituni;
maandazi ya kumwombea njia;
dawa ya kikohozi; sufuria, ndogo tu;
picha yetu sote ndani ya fremu yake ya kioo;
na koti la baba yake, la ngozi ya kondoo,
lililokataa kukunjika hadi nilipolikalia.

Asubuhi hakusema neno.
Alilibeba begi hadi nyuma ya zizi
akaliangika.
Thelathini na moja.
"Mama," akasema, na sauti ilikuwa yangu,
"unakwenda kumpikia nani Moscow?"

Akatoa.
Sufuria ikatoka. Jamu ikatoka.
Soksi akabakiza jozi mbili.
Fremu ikatoka, picha akaichomoa,
akaiingiza ndani ya pasipoti.
Koti alilishika muda.
Alinusa kola, akadhani natazama farasi.
"Wanasema vyumba vya kule vina joto,"
akadanganya, akanivika mimi.
Jibini alichukua gumba moja,
akalitia mfukoni mwa suruali
ambamo mizani haifiki.

Mshale ukatulia kwenye kumi na tisa na nusu.
"Imebaki nusu kilo, Mama.
Weka utakacho."

Nikavitazama vitu vyote pale chini kwenye majani makavu,
mimi, fundi wa kutoa,
nimesimama ndani ya koti linaloburura.
Niliinua dawa. Nikairudisha.
Niliinua andazi.
Gari la Bishkek likapiga honi mara mbili,
dereva akiwa hana subira na maiti wala maharusi,
na zipu ikafungwa.

Iliondoka hivyo hivyo,
nusu kilo tupu.